Aliyekaa Sokoni Hakai Kimya

Kampuni ya Nairobi inayosindika maziwa inataka kuuza maziwa ya pakiti hapa Arusha. Iingie, au ibaki kwao? Una nusu saa, karatasi na kalamu. Anza.

Swali hilo halitoki kwenye mtihani wa darasani. Ni aina ya swali utakalokutana nalo ukiomba kazi kwenye kampuni za ushauri wa biashara, zile zinazolipwa kuwaambia wenye mali waipeleke wapi mali yao. Nairobi wapo McKinsey na BCG, Dar es Salaam wapo Dalberg, na kampuni kubwa za ukaguzi wa hesabu nazo zina idara za ushauri. Vijana wetu wanaziomba kazi hizo: wa Chuo cha Uhasibu pale Njiro, wa Nelson Mandela kule Tengeru, na wale waliomaliza Mlimani au Mzumbe wakarudi nyumbani Engutoto, Sakina na Usa River. Wengi wana vyeti vizuri na wanaitwa kwenye usaili. Likija swali la kuingia sokoni, wanakwama.

Wanakwama wapi? Hesabu wanaziweza. Wanajua kukadiria wateja, bei na faida. Kasoro ni kwamba wanalitazama soko kama uwanja mtupu unaomsubiri mgeni apige hema. Wanawahesabu wanunuzi na kumsahau muuzaji aliyetangulia. Jioni hii nataka nikuoneshe kwamba huyo uliyemsahau ndiye mwenye jibu la swali zima.

Twende hatua kwa hatua.

Msaili akimaliza kuuliza, usikimbilie kujibu. Lirudie swali kwa maneno yako, kisha ulizia mambo mawili matatu. Mwenye kampuni anatafuta nini: faida ya haraka, au pa kuuzia maziwa yanayomzidi nyumbani? Ana mtaji wake, au amekopa benki? Anataka matokeo ya mwaka mmoja au ya miaka kumi? Usidhani unapoteza muda. Mtu ambaye maziwa yanamwagika kila msimu wa mvua huridhika na faida ndogo. Mwenye mkopo hawezi kuridhika nayo, hata akitaka. Swali ni moja, lakini watu hawa wawili wanahitaji ushauri tofauti.

Halafu omba dakika moja ya kufikiri. Hakuna atakayekucheka. Gawa karatasi yako sehemu nne. Ya kwanza, soko ni kubwa kiasi gani? Ya pili, nani yumo, na atafanya nini akiniona natokea? Ya tatu, mimi nina kitu gani ambacho wao hawana? Ya nne, naingia kwa njia ipi: nisafirishe kutoka kwetu, nijenge kiwanda, au ninunue kampuni ambayo tayari ipo?

Sehemu ya kwanza ni ya hesabu, na tuifanye pamoja. Sensa ya mwaka 2022 ililipa Jiji la Arusha watu 617,631. Kichwani usihangaike na tarakimu zote hizo. Chukua laki sita. Kaya moja tuipe watu wanne, tunapata kaya laki moja na nusu. Si kila kaya inanunua maziwa ya pakiti kila siku, kwa hiyo tuseme moja kati ya tano, yaani kaya 30,000. Kila moja ichukue nusu lita: lita 15,000 kwa siku. Mgeni wetu akifanikiwa kupata sehemu moja ya tano ya hizo, ana lita 3,000. Tukadirie kwamba kila lita inamwachia shilingi 300 baada ya gharama zote. Hiyo ni laki tisa kwa siku, au milioni 320 na kidogo kwa mwaka. Msaili akikwambia kwamba magari ya ubaridi, majokofu na matangazo vitakula bilioni mbili, unajua kwamba pesa hiyo itarudi baada ya miaka sita hivi.

Ukiacha ile namba ya sensa, makadirio hayo ni yangu, ya kufanyia mazoezi. Usiyanukuu popote. Msaili naye hayajali sana. Anachotazama ni kama unasema wazi unachokadiria, kama unaweza kuzidisha na kugawanya bila kutetemeka, na kama ukifika mwisho unajiuliza iwapo namba uliyoipata inaingia akilini.

Hapo ndipo wengi wanaweka kalamu chini. Wameona soko lipo, faida ipo, miaka sita si mingi, basi kampuni iingie. Mimi nasema hapo ndipo kazi inaanza.

Maziwa mengi yanayonywewa Tanzania hayajapita kiwandani. Hapa kwetu yanateremka alfajiri kutoka miteremko ya Meru, kwenye ndoo na madumu, juu ya pikipiki na ndani ya daladala. Mpinzani wa kwanza wa kampuni ya Nairobi ni mama wa Akheri au Poli mwenye ng'ombe wawili wa zizini. Hana nembo wala tangazo redioni. Lakini anakufikishia maziwa mlangoni, anawajua wanao kwa majina, na anakukopesha mpaka mwisho wa mwezi. Pakiti ikishuka bei, naye atashusha kidogo, au ataacha bei ilivyo na kukuongezea kikombe. Kumfilisi ni kazi ngumu, maana ng'ombe wake anakula majani na migomba ya shambani, na samadi inarudi kwenye migomba na kahawa. Maziwa kwake ni sehemu tu ya hesabu ya shamba zima. Kwa kampuni, maziwa ndiyo hesabu yote.

Mpinzani wa pili yuko dukani kwa Mangi. Tazama jokofu lake. Mara nyingi limeletwa na kampuni ya vinywaji, na Mangi ameelekezwa asichanganye humo bidhaa za wengine. Maziwa yako atayaweka wapi? Ukimletea jokofu lako, nani atalipa umeme? Na ukimpa faida ya shilingi hamsini kwa pakiti, aliyekutangulia akimpa themanini, pakiti yako itakaa mbele au nyuma?

Wa tatu haonekani mpaka ufike Namanga, mpakani na Kenya: ni tozo. Wengine mtaniambia kwamba sisi ni Afrika Mashariki moja. Ni kweli, na mkataba wa kuirudisha Jumuiya ulisainiwa hapa hapa Arusha, Uwanja wa Sheikh Amri Abeid, tarehe 30 Novemba 1999. Umoja wa forodha ukaanza 2005, soko la pamoja likaanza 2010. Hata hivyo, mwaka 2018 Tanzania ilipandisha tozo ya maziwa yanayoingizwa nchini kutoka shilingi 150 hadi shilingi 2,000 kwa kilo. Rudi kwenye zile shilingi 300 zetu kwa lita, uone kinachobaki. Viwango vya namna hiyo hupanda na kushuka, na mara nyingi hupanda pale wafugaji na wasindikaji wa ndani wanapolalamika kwamba wanamezwa. Kwa hiyo hata tozo, ukiichunguza, ni sauti ya waliotangulia sokoni.

Mnaofikiri natia chumvi, niwape kisa cha kweli kilichotokea kilomita themanini kutoka hapa. Ni kisa cha bia. Wasiokunywa wanivumilie, nazungumzia biashara.

Mwaka 1993 Serikali iliwauzia South African Breweries nusu ya hisa za Tanzania Breweries, TBL. Kampuni iliyokuwa imechoka ikapata mtaji, mitambo na watu waliojua kuuza bia. Katika miaka hiyohiyo ya tisini, wenzetu wa Kenya Breweries nao walikuwa wanatazama upande huu wa mpaka. Sababu za kuja walikuwa nazo. Uchumi wetu ulikuwa umefunguliwa, mpaka uko karibu, na bia yao ya Tusker haikuhitaji kutambulishwa kwa mtu wa Arusha au Moshi. Wakaanzisha Kibo Breweries, kiwanda kikiwa Moshi. Ungekuwa msailiwa wa miaka ile, ukahesabu wanywaji tu, ungesema waingie, na ungeona umejibu vizuri.

Waliokuwepo hawakukaa kimya. TBL ilipigana na mgeni huyo baa kwa baa. Kisha, mwaka 1998, Waafrika Kusini wakafanya jambo ambalo kila msailiwa anapaswa kulikumbuka: wakavuka mpaka. Walifungua kiwanda chao Thika, kaskazini mwa Nairobi, wakakiita Castle Brewing Kenya. Yaani, umenifuata kwangu, nami nakufuata kwako. Kenya Breweries walikuwa wamezoea soko la nyumbani ambalo karibu lote lilikuwa lao, na faida ya nyumbani ndiyo iliyolisha safari ya Moshi. Sasa mfuko mmoja ulitakiwa kulinda Nairobi na kushambulia Moshi kwa wakati mmoja.

Mwaka 2002 pande zote mbili zilikubali yaishe. Kiwanda cha Thika kikafungwa, na cha Moshi kikafungwa. Wakabadilishana hisa: Waafrika Kusini wakapata asilimia 20 ya Kenya Breweries, na upande wa Kenya ukapata asilimia 20 ya TBL. Huku TBL ikatengeneza Tusker kwa leseni, kule Wakenya wakatengeneza Castle. Mnywaji hakukosa bia yake. Waliopoteza ni waliojenga viwanda, na wafanyakazi waliokuwa ndani yake.

Kosa lilikuwa wapi? Wanywaji walikuwepo na bia haikuwa mbaya. Lililohitaji kuulizwa ni hili: nikiingia kwake, yeye anaweza kuingia kwangu? Na kama anaweza, kati yangu na yeye, nani ana pesa za kuvumilia hasara kwa muda mrefu zaidi? Aliyekuwa nyuma ya TBL alikuwa kampuni kubwa ya bara zima. Maswali hayo mawili yanaandikika kwa mstari mmoja kwenye ile sehemu ya pili ya karatasi, na ni nadra kumsikia msailiwa akiyauliza.

Kisa hakikuishia hapo. Mwaka 2010 East African Breweries, kampuni mama ya Kenya Breweries, ilirudi Tanzania kwa njia nyingine kabisa: ilinunua asilimia 51 ya Serengeti Breweries. Safari hii haikuanza na jina jipya. Ilinunua bia ambayo Watanzania walikwisha kuizoea, wasambazaji waliokuwa barabarani tayari, na watu wanaojua baa ipi inalipa na ipi inadaiwa. Bila shaka iligharimu. Ule mkataba wa amani ulivunjika, hisa za TBL zikauzwa, na mwaka 2011 Wakenya wakanunua tena ile asilimia 20 ya Kenya Breweries kwa karibu shilingi bilioni 20 za Kenya. Na hata ikiwa na jina na mtandao wake, Serengeti haikuwa imeachiwa njia nyeupe. Iliwahi kuifikisha TBL mbele ya Tume ya Ushindani, ikilalamikia mikataba na wenye baa na kuondolewa kwa mabango yake. Leo Serengeti ina kiwanda Moshi, mji uleule ambamo kiwanda cha Kibo Breweries kilifungwa. Soko ni lilelile, mnywaji ni yuleyule, mwekezaji ni wa nyumba ileile. Kilichobadilika ni jibu la sehemu ya nne ya karatasi: namna ya kuingia.

Mnaokumbuka duka kubwa la Shoprite pale TFA, hapa Arusha, mna kisa kingine, na hiki kinahusu sehemu ya tatu: mimi nina nini? Shoprite ya Afrika Kusini iliuza maduka yake ya Tanzania, lile la Arusha likiwemo, kwa Nakumatt ya Kenya mwaka 2014. Nakumatt tayari ilikuwa Moshi. Wateja wa Arusha walikuwepo: watumishi wa mashirika ya kimataifa, kampuni za utalii zinazonunua chakula cha safari, familia zinazotoka mara moja kwa mwezi kujaza gari. Nakumatt haikuangushwa na mteja wa Arusha. Iliangushwa na madeni yaliyoanzia nyumbani. Wasambazaji wasiolipwa waliacha kuleta mali, rafu zikaanza kuonesha mbao, na Januari 2018 kampuni ikawekwa chini ya msimamizi kwa amri ya mahakama ya Kenya. Kabla yake Uchumi, nayo ya Kenya, ilikuwa imefunga maduka yake ya Tanzania na Uganda mwaka 2015. Kwa hiyo, kabla ya kumshauri mtu aende ugenini, omba kuona hali ya nyumbani kwake. Kwenye usaili unaweza kuuliza kwa sentensi moja: "Kampuni hii inawalipa wasambazaji wake baada ya siku ngapi?" Msaili mwenye uzoefu atakutazama upya.

Wapo waliofaulu pia, tusije tukaonekana tunawatisha wageni. Oktoba 2015 Viettel ya Vietnam ilianza kuuza huduma za simu hapa nchini kwa jina la Halotel. Ilikuta Vodacom, Tigo na Airtel wamekwisha kukaa, tena kwa miaka. Ikatandaza mkongo wake na minara mpaka vijijini, mahali ambapo wenyeji wa mjini hawakuwa na haraka ya kufika. Ilijua kwamba vita haikwepeki, ikachagua kuanza mahali ambapo majibu ya wapinzani yangechelewa.

Sasa, dakika zako za mwisho. Msaili anasema: "Mkurugenzi anaingia kwenye lifti, mpe jibu lako." Usianze kumsimulia safari ya hesabu zako. Jibu kwanza, sababu baadaye, hatari, halafu hatua ya kuanzia. Kwa maziwa yetu, mimi ningesema hivi:

"Ingia, lakini usivushe maziwa Namanga na usijenge kiwanda sasa. Shirikiana na msindikaji aliyepo Arusha, ununue maziwa kwa wafugaji wa Meru, uanze na mtindi na maziwa yanayokaa muda mrefu kwa ajili ya hoteli, shule na kambi za watalii. Sababu ni tatu: unaepuka tozo ya mpakani, unauza pale ambapo ndoo ya asubuhi haifiki, na yule mama ambaye angekuwa mpinzani wako anakuwa ndiye anayekuuzia. Hatari kubwa ni wafugaji kumpelekea mwingine anayelipa taslimu asubuhi ileile. Kwa hiyo anza na miezi mitatu ya majaribio, ukilipa kila wiki bila kuchelewa, kisha tukutane tuamue."

Umeona kilichotokea? Baada ya kumtazama vizuri aliyekaa sokoni, pendekezo lenyewe limebadilika. Kama tungeishia kwenye zile lita 3,000, tungemwambia mkurugenzi atumie bilioni mbili kupigana na mama wa Akheri. Msaili anaweza kukupinga: "Na tozo ikifutwa kesho?" Usishikilie jibu lako kama mtetezi wa shauri mahakamani. Sema tozo ikifutwa kuna hesabu gani inayobadilika na ipi inabaki. Jokofu la Mangi litakuwa palepale, na mikopo ya mwisho wa mwezi itakuwa palepale. Anataka kujua kama unaweza kufikiri naye, maana ndivyo mtakavyofanya kazi.

Najua wapo wanaosikiliza wakisema hayo ni mambo ya vijana wa suti. Hapana. Dada anayetaka kufungua saluni Engutoto, kijana anayetaka kuleta mitumba kutoka soko la Gikomba kule Nairobi, baba aliyestaafu na kiinua mgongo chake anayewaza duka la vifaa vya ujenzi, wote wana swali hilohilo mkononi. Wengi huhesabu nyumba zilizo mtaani na kusema wateja watakosekanaje. Wachache huenda kukaa nusu siku karibu na saluni iliyopo, wakatazama anayeingia, anayelipa papo hapo, na anayeandikwa kwenye daftari.

Kwa hiyo kazi ya wiki hii ni moja, kwa wa suti na wasio wa suti. Nenda soko la Kilombero au Samunge. Chagua bidhaa moja tu: vitunguu, mchele wa Mbeya, ndala, chochote. Muulize muuzaji mambo matatu: nani anakuletea, unamlipa lini, na akija mwingine na bei nafuu utamfanyaje yule wa zamani? Andika pendekezo lako kwenye nusu karatasi, kisha liseme kwa sauti ndani ya dakika mbili, mbele ya mtu asiyeogopa kukukosoa. Anayejiandaa kwa usaili wa Nairobi arudie mara ya pili kwa Kiingereza. Mara ya kwanza aseme kwa lugha anayofikiria nayo, kwa sababu hoja dhaifu hujificha vizuri zaidi nyuma ya Kiingereza kizuri.

Na ukimpata muuzaji anayejibu yote ila hataki kukutajia bei anayonunulia, usiondoke umekasirika. Amekwambia jambo kubwa kuliko bei yenyewe: amekuonesha analolinda. Liandike mstari wa kwanza.